Hapkido kwa kujilinda, mtu ambae hajawahi kupigana aanzie wapi?

SalmaK
Wakuu habarini. Nataka nianze kujifunza kujilinda, sijawahi kufanya karate wala ngumi wala chochote, na mwili wangu ni mdogo. Nimekuwa nikiangalia video za hapkido ya Korea, wanashikwa mkono wanageuka kidogo tu mtu anaruka chini. Sasa nauliza, hii kitu inafanya kazi kweli au ni maonyesho? Na inatofautianaje na taekwondo maana zote za Wakorea na sare zinafanana?

Mzee wa Mkeka
Karibu Salma. Hapkido na taekwondo ni vitu viwili tofauti kabisa. Taekwondo imekwenda sana upande wa michezo, tangu 2000 kule Sydney ni mchezo kamili wa Olimpiki na sheria zake zinataka mateke, kumshika mpinzani ni kosa, ngumi ya kichwani hairuhusiwi. Hapkido yenyewe inaanzia palepale taekwondo inapokatazwa, yaani mtu kashakushika mkono, nguo, nywele, kakukumbatia kwa nyuma, unafanyaje? Ndani yake kuna kujinasua, kukunja viungo, kurusha, mateke na ngumi pia zipo, na wakishapanda ngazi wanafundishwa fimbo fupi na bakora.

Historia yake inaanzia kwa Choi Yong-sool, Mkorea aliyekaa Japani miaka mingi akarudi kwao baada ya vita vya pili vya dunia akaishi Daegu. Mwenyewe alisema alijifunza kwa Takeda Sokaku, bingwa wa daito-ryu (sanaa ya Kijapani ya kukunja viungo na kurusha), ila wanahistoria wanabishana hadi leo maana Takeda alikuwa anaandika majina ya wanafunzi kwenye madaftari na la Choi halijaonekana. Lakini mbinu zenyewe ukiziangalia undugu na daito-ryu hauna ubishi. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Seo Bok-seob, mtu wa judo, walianza 1948. Baadae akaja Ji Han-jae ambae ndio aliongeza sana mateke akaipeleka Seoul, na akafundisha mpaka walinzi wa rais. Kwa hiyo unachokiona leo ni mchanganyiko, na shule na shule hazifanani.

Bondia Mstaafu
Mimi nitasema ukweli hata kama utauma. Hizo video mwenzake anajirusha mwenyewe! Mtu mwenye hasira hakupi mkono ukae unaukunja, anavuta, anasukuma, mkono wa pili unakuja usoni. Dada kama unataka kujilinda nenda ndondi au judo, kule kila siku unakutana na mtu anaekataa kuangushwa.

Mzee wa Mkeka
Bondia hapo umegusa penyewe na sikupingi. Kujirusha mazoezini kuna sababu, usipokwenda na mkunjo kifundo cha mkono kinavunjika, ila darasa likiishia hapo mwanafunzi anadanganywa. Salma ukienda kuangalia darasa usitazame mateke ya kuruka, tazama kama kuna muda ambao mwenzako anaambiwa akatae, ashike kwa nguvu zote, avute. Kama haupo tafuta kwingine.

Nikupe mfano wa kushikwa mkono maana ndio somo la kwanza karibu kila mahali. Mtu akikushika, usivute kurudi nyuma, hapo mnashindana nguvu na wewe mdogo utashindwa. Mshiko wowote una mlango, pale kidole gumba kinapokutana na vile vingine. Unafungua vidole vyako vyote, unashusha uzito kwa kukunja magoti, unapiga hatua KUMFUATA, halafu kiwiko chako kinaelekea kwenye kiwiko chake huku mkono unatokea pale kwenye gumba. Ukishatoka ondoka, usibaki kutafuta mkunjo mzuri. Na kama mkono wake wa pili unakuja ndio kazi ya teke la chini, kwenye goti lake au mfupa wa mbele wa mguu wake, linavunja mawazo yake ndio mkono unalegea.

SalmaK
Asanteni sana, hata wewe Bondia. Na kisu je? Nimeona wanamnyang'anya mtu kisu kirahisi kabisa.

Nuru_M
Salma kisu kimbia tafadhali. Nimefanya hapkido na mpaka leo nikipewa kisu cha mpira mazoezini nakatwa, hata na wanaoanza. Akitaka simu mpe.

Halafu kitu hakijatajwa hapa, kuanguka. Wiki za mwanzo utaona kama unapotezewa muda, kila siku kuanguka tu, nyuma, pembeni, mbele. Usiache! Kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, pumua nje, piga mkeka kwa mkono mzima, na usiweke kiganja nyuma kuzuia maana hapo ndipo mikono inapovunjika. Kupigana huenda usipigane maisha yako yote ila kuteleza utateleza tu, mimi hicho ndicho kimenisaidia kuliko mikunjo yote.

Bondia Mstaafu
Hapo kwa kisu nakubaliana na Nuru mia kwa mia. Salma, kama umepata mwalimu anaeruhusu ukinzani nenda hapkido, baada ya muda ongeza sparingi (kupigana kwa mazoezi) ya ngumi kidogo ili uzoee kuona mkono unakuja bila kufumba macho.