Bastola ya marehemu babu, naitambuaje na naisafishaje bila kuiharibu?

BintiNgamiani
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Babu mzaa mama katutoka, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa shamba la mkonge huku Muheza enzi hizo. Juzi tunapanga vitu vyake tukafungua kasha la mvule, chini kabisa tukakuta bastola imeviringishwa kwenye khanga kuukuu. Mjomba anasema baba yake babu aliiokota hapa Tanga kwenye ile vita ya nyuki, Waingereza walipopigwa na Wajerumani wakakimbia mwaka 1914. Ni nzito mno, kitako cheusi kimechorwa vimistari vya kukatizana na chini kina pete, mtutu una pande pande sio duara kamili, kutu imekula zaidi upande wa chini, na juu kushoto nasoma MARK VI. Nataka niijue ni ya wapi na niisafishe, maana ndo kitu pekee cha zamani kilichobaki kwenye ukoo. Mjomba kashanunua msasa na dizeli.

FundiPongwe
Poleni sana na msiba dada. Huo msasa urudisheni dukani leo leo. Kwa maelezo yako hiyo ni Webley, kazi ya Birmingham Uingereza, hiyo Mark VI ndo ya mwisho kwenye ukoo wa zile kubwa za risasi ya .455, jeshi la Uingereza liliianza 1915. Kwa hiyo haiwezi kuwa iliokotwa kwenye vita vya Novemba 1914, ilikuwa bado haijatengenezwa! Ila hadithi ya wazee isitupwe yote, Waingereza walirudi wakauchukua mji wa Tanga Julai 1916 na walikuja na silaha za aina hiyo, inawezekana iliingia kipindi hicho au hata baadaye kabisa kupitia mameneja wa mashamba. Ingekuwa ya Mjerumani, ile rivolva yao ya 1879, isingefunguka kwa kukunjika katikati, ile risasi zinaingizwa moja moja kwa kilango cha pembeni. Yako ina kiwenzo kushoto hapo kidole gumba kinapokaa, kikisukumwa mtutu unainama mbele na maganda yote sita yanasukumwa nje kwa pamoja. USIJARIBU sasa hivi.

Mtoto wa Raskazone
We loweka kwenye siki au ndimu usiku mzima, asubuhi kutu yote imetoka, mi nilifanya hivyo kwa panga ikang'aa.

FundiPongwe
Hapana ndugu yangu, panga ni panga. Asidi inakula na chuma kizima, inaondoa ile rangi nyeusi ya kiwandani na maandishi yanafifia, na maandishi ndo historia yenyewe, bila mwaka na namba hicho ni chuma tu.

Afande Mstaafu
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Kabla ya mafuta wala brashi, binti yangu nisikilize. Leseni ya silaha ni ya mtu, hata kama babu alikuwa nayo hairithiwi pamoja na kasha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haijali kama bastola ni nzima au ni ya kutu. Usiipakie kwenye bajaji ukaipeleka kituoni mwenyewe, utasimamishwa njiani useme nini? Iache ilipo, watoto watoke chumba hicho, mpigie mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, kisha polisi waifuate nyumbani. Na hakuna kuangalia kupitia tundu la mtutu, risasi ya zamani inaweza kuwa bado hai. Waeleze tangu mwanzo kwamba ni mirathi mmeikuta, na ombeni maandishi ya kupokelewa. Hapo ndo muulize utaratibu wa kuiharibu isiweze kufyatua ili ibaki kumbukumbu, au kuipeleka makumbusho, pale Boma ya zamani mjini.

BintiNgamiani
Asante afande, mjomba alikasirika kidogo ila mama kamwelewesha. Wamekuja leo mchana, wameifungua wenyewe, haina kitu ndani alhamdulillah. Pembeni imeandikwa 1917 na kuna alama za mshale, kama unyayo wa kuku. Wameichukua, karatasi tumepewa, nimeruhusiwa kupiga picha. Je ikirudi au ikienda makumbusho isafishweje?

FundiPongwe
Mwendo wa taratibu. Kutu nyekundu ndo inayokula, ile ya kahawia iliyoiva iachwe. Mafuta mepesi ya cherehani yakae siku kadhaa, kisha brashi laini ya shaba, futa, rudia tena na tena. Mafuta ya nazi hapana, yanaganda yananata. Kitako ni mpira mgumu, jua linaugeuza rangi, na isihifadhiwe kwenye mfuko wa ngozi, hewa yetu hii ya bahari ina chumvi na ngozi inashika unyevu. Huo mshale mmoja maana yake mali ya serikali ya Uingereza. Ila ikiwa ni miwili imeelekezana ncha, basi jeshi liliiuza kihalali, na hapo hadithi ya kuokota inaisha, mtu aliinunua. Tuma picha ya karibu ya hapo tuone.