Tupeane uzoefu: matairi ya bei inayoeleweka kwa Prado kuukuu, barabara za Arusha na Moshi

Mkulima wa Sakina

Wakuu, habari za jioni. Nina Prado ile ya zamani, KZJ95 dizeli, toleo la 1998. Tairi zake ni 265/70R16. Kashata, yaani meno ya tairi, bado zipo, ila ubavuni matairi yote yamejaa nyufa, kucha inaingia. Fundi kasema niachane nayo kabla masika hayajaanza.

Siku za wiki gari linazunguka mjini, Sakina hadi Njiro, lami na matuta. Mwisho wa wiki napandisha shamba Engare Nairobi, na mara mojamoja Simanjiro kufuata maharage. Kwa mwaka halizidi kilomita elfu nane. Dukani nimetajiwa laki tatu na nusu kwa tairi moja jipya la China, na laki saba kwa yale majina makubwa. Mtumba ni chini ya hapo. Gari lenyewe nikiliuza leo sipati hela ya maana, kwa hiyo sioni sababu ya kulivalisha suti ya harusi.

Ombi langu: asiniambie mtu "chukua jina fulani utanishukuru". Semeni ulifunga nini, kilikufikisha wapi, na kama ungenunua tena.

Dereva wa Naabi

Mkuu, nimeendesha Land Cruiser za watalii muda mrefu, nitaongelea ninachokijua. Kabla ya jina la tairi, ongelea upepo. Ile njia ya kushuka Ngorongoro kwenda Naabi, lango la Serengeti, imeua matairi ya gharama mbele ya macho yangu, na mengi yalikuwa yamejazwa mpaka yanalia. Tairi gumu likikutana na jiwe lenye ncha linachanika, lililolegea kidogo linalimeza jiwe na kupita. Lakini ukirudi lami na upepo mdogo, ubavu unajikunja kila mzunguko, unachemka, na matabaka ya ndani yanaanza kuachana. Hapo ndipo unasikia mlio kama risasi na hujui umekanyaga nini.

Kwa Prado yako anza na kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pima asubuhi tairi likiwa bado la baridi. Kwenye changarawe ndefu mimi napunguza psi (kipimo cha upepo) nne au tano, na mwendo napunguza. Nikigusa lami nasimama, natoa kikompresa cha kuchomeka kwenye betri, najaza. Hicho kikompresa kimeniokolea hela kuliko punguzo lolote la dukani.

Jambo la pili ni plai, yale matabaka ya ndani ya tairi. Watu wanapenda kusikia "10 plai". Ile 10PR siku hizi haihesabu matabaka, ni daraja la nguvu tu. Ukitaka matabaka yenyewe, soma maandishi madogo ubavuni: yameandikwa ubavu una plai ngapi na sehemu ya kukanyagia ina ngapi, za poliesta na za chuma. Halafu soma namba inayofuata saizi. 112 maana yake tairi linabeba kilo 1,120, na 121 ni kilo 1,450. Land Cruiser iliyorefushwa, yenye watalii, friji na spea mbili mgongoni, inahitaji hiyo ya pili. Prado ya kubeba maharage haihitaji. Ukifunga gumu kupita kiasi kwenye gari jepesi litakurusharusha njia nzima mpaka Sanya Juu.

Escudo ya Usa River

Nimekaa hapa nasoma. Endeleeni.

Dada wa Kibosho

Mimi nina RAV4 ya zamani, 215/70R16, nakaa Kibosho. Anayejua ule udongo mwekundu wakati wa mvua ananielewa. Nilinunua matairi manne ya mtumba pale Moshi mjini, mazuri mno kwa macho, kashata ndefu, meusi yanang'aa. Kiangazi hayakuwa na shida. Mvua ya kwanza tu, kwenye mteremko ambao nimeushuka tangu najifunza gari, likaanza kuteleza kwa ubavu taratibu mpaka likaegemea migomba ya jirani. Hakuna aliyeumia, ila nililipa mkungu.

Kaka yangu alipokuja akalala chini ya gari na tochi ya simu. Nje ubavuni kulikuwa na herufi za DOT, zile za utambulisho wa tairi, bila tarehe ya kutengenezwa. Tarehe ilikuwa upande wa ndani: 1410, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2010. Ile tarehe kamili inatakiwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo muuzaji anaweza kulifunga ile namba ikaangalia ndani na wewe usione kitu. Kashata zilikuwa ndefu kwa sababu tairi lilikaa stoo tu, halikutembea, mpira ukakauka. Ukibonyeza kwa kidole haubonyei.

Siku hizi natazama namba nne kabla tairi halijaguswa na rimu. Mtumba bado nanunua, sijaapa, ila likizidi miaka minne naliacha hata nikipewa kwa nusu bei.

Fundi wa Kiboriloni

Dada umesema kweli. Naongeza mengine yanayopita mikononi mwangu kila wiki.

Kuna matairi ya kuchongwa. Kipara kinachongwa kwa kisu cha moto, kinapakwa rangi nyeusi, kinauzwa kama kimetumika kidogo. Kukijua ni rahisi. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo, ubavuni vimewekewa alama ya TWI. Kashata ikishuka mpaka ikalingana na kile kituta, imebaki milimita 1.6, tairi limekwisha. Sasa la kuchongwa utakuta mfereji umeshuka chini ya kile kituta, au kituta kimekatwa chote. Pitisha kidole, kingo zake ni kali na hazilingani. Wengine wanachonga mpaka ukichungulia unaona waya.

Kuhusu pancha: msumari katikati ya kashata ni kazi ndogo, nafungua, naweka kiraka cha uyoga kwa ndani, unaondoka. Mchaniko wa ubavuni haushikiki, fundi yeyote atakayekuahidi ameona njaa yake tu. Miiba ya migunga ya Simanjiro inapenda ubavu. Mwiba wenyewe unakatikia ndani, tairi linapungua upepo kidogokidogo, mwenye gari anajaza kila asubuhi badala ya kuuchomoa, na siku moja anapita nalo lami likiwa limelegea. Usijaze mara tatu bila kulifungua.

Mkulima, nikuulize: matairi yako yanalika sawasawa? Prado hizo boljointi za chini, viungo vinavyoshika magurudumu ya mbele, zikichoka, tairi linalika upande wa ndani wewe ukiangalia nje tu. Zikaguliwe pamoja na bushi na tairodi, ufanye alaimenti (kunyoosha magurudumu), ndipo ufunge mapya. Vinginevyo laki tatu na nusu itaisha kabla ya mavuno mawili.

Mangi wa Hesabu

Tupige mahesabu kidogo. Tairi la laki 350,000 likienda kilomita 30,000, kila kilomita imekula shilingi 11 na senti. La 700,000 likienda kilomita 70,000, kila kilomita ni shilingi 10. Kwa hiyo la ghali ndilo rahisi. Hili nawaambia watu kila siku hawataki kusikia.

Dereva wa Naabi

Mangi, hapo umeandika "laki 350,000", hizo ni bilioni 35. Tairi la ndege hilo.

Mangi wa Hesabu

Mmenielewa, bwana.

Mama wa Tengeru

Hesabu imetulia kwa dereva wa kampuni. Kwa Mkulima haisimami. Amesema anatembea elfu nane kwa mwaka. Elfu sabini atazimaliza baada ya miaka karibu tisa. Kampuni nyingi za magari zinashauri tairi libadilishwe likifika miaka sita hivi, na baadhi ya watengenezaji wa tairi wanaweka kumi kuwa mwisho kabisa. Kwa jua letu, gari linalolala nje, utalitupa likiwa na kashata. Si ndicho kilichompata sasa hivi? Kashata zipo, ubavu umekufa. Atalipia kilomita ambazo hatazitembea.

Mimi natembea kama yeye, Tengeru mjini na shamba Kikwe. Nilifunga ya China mapya, A/T (ya lami na vumbi), tarehe ya mwaka uleule, mwaka wa nne sasa. Kwenye lami yenye maji hayashiki kama yale ya Japani niliyokuwa nayo, hilo siwafichi, napunguza mwendo. Ningenunua tena? Ndiyo, yaleyale.

Surf ya Njiro

Mimi nilikuwa mtu wa M/T, matairi ya tope. Hilux Surf, nayo 265/70R16. Nilifunga yale ya meno makubwa, gari likapendeza, vijana wakipita wanapiga picha. Kwenye tope hayana mpinzani. Lakini Arusha hadi Moshi, kilomita kama 80 za lami, redio nilikuwa nafungulia mwisho bado naisikia tairi. Mvua ikinyesha kwenye lami, breki inachelewa. Mafuta yalipanda, na ukienda nayo lami siku zote yanalika kwa mawimbi. Nikamuuzia jamaa wa Monduli anayeshinda porini, nikafunga A/T. Mkulima, kwa ratiba yako M/T ni mzigo.

Ila kuna siri moja niliipata hapo. 265/70R16 ikikosekana au ikiwa ghali, ulizia 245/75R16. Kimo ni karibu kilekile, milimita 777 kwa 774, spidi mita haidanganyi. Nyembamba kidogo, rimu ya kawaida ya Prado inaipokea. Wengine watakwambia panda 265/75, hiyo inaongeza kimo kwa asilimia tatu na zaidi, na kwa gari lenye springi zilizochoka itagusa tope-gadi ukikata kona.

Mzee wa Unga Limited

Vijana mnaongea matairi Arusha bila kuitaja General Tyre? Kiwanda kilikuwa hapahapa kwetu, tairi linatoka Njiro linapanda lori linakwenda nchi nzima. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kikasimama. Haya, endeleeni na wiki zenu za DOT.

Dada wa Kibosho

Shikamoo mzee. Baba alikuwa nayo kwenye Land Rover yake, alikuwa hataki kusikia nyingine.

Mzee wa Unga Limited

Marahaba mwanangu. Alikuwa na akili.

Defender ya Longido

Kwa wanaokwenda mbali zaidi ya Mkulima. Mimi njia yangu ni Engaruka kwenda Natron, mawe ya volkano, yale meusi yenye makali. Huko hesabu ya mama wa Tengeru inageuka tena, kwa sababu tairi haliishi kwa kulika, linaisha kwa kuchanika. Nimebaki na 7.50R16 za tyubu. Jina halinishughulishi, naangalia ubavu mnene na bei ambayo likichanika leo nitalala usingizi. Uzuri wake, ukipata pancha Engaresero kijana yeyote mwenye vyuma viwili anakutolea. Rimu za vipande tu ziheshimuni: toa upepo wote, chomoa na kijivalvu chenyewe, ndipo uguse ile pete. Ikiruka ina nguvu ya kuua.

Mkulima wa Sakina

Nawashukuru sana, hasa mama wa Tengeru, hesabu ile imenikata kiu. Leo asubuhi nilipeleka gari, boljointi ya kushoto kweli imechoka, inabadilishwa kesho. Nimeamua A/T mapya ya bei ya chini, 265/70R16, namba 112 au zaidi, na tarehe nitaisoma mwenyewe kabla hayajafungwa.

Swali la mwisho. Bajeti yangu ni ya manne, ila hela haijatimia. Nifunge mawili sasa na mawili baada ya mavuno? Na spea iliyoko mlango wa nyuma inapigwa jua miaka yote, nimesoma namba yake ni 3108.

Fundi wa Kiboriloni

Mawili mawili usifanye. Hiyo Prado inavuta miguu yote minne muda wote, siyo mpaka uweke gia. Mbele ukiwa na kimo kimoja na nyuma kingine, difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi safari nzima kusawazisha tofauti, inachemka. Bei ya difu unaijua. Timiza hela ufunge yote manne siku moja kabla ya masika, na mpaka hapo Simanjiro usiende.

Hiyo spea ya 2008 toa, hata kama haijawahi kugusa chini. Hapo kwenye spea ndipo mtumba unafaa: tafuta tairi moja, saizi ileile, la miaka ya karibuni. Moja zuri linapatikana kirahisi kuliko manne yanayofanana. Likifungwa ukipata pancha, nenda polepole mpaka kwa fundi wa karibu, na la kwako likishazibwa lirudishe mahali pake siku hiyohiyo. Na ununue kava la spea, jua la mlango wa nyuma halina huruma.