Barafu ya baharini ikipungua, viumbe wa ufukweni si ndo wanapata nafasi?

Mdadisi
Wakuu habari za saa hizi. Kuna kitu kinanisumbua tangu juzi. Nimekutana na picha ya walarasi, wale wanyama wa baharini wenye meno mawili marefu kama pembe za tembo, wamejazana ufukweni Point Lay kule Alaska, ni ya Septemba 2014 na walikuwa kama 35,000, yaani mchanga hauonekani ni migongo ya kahawia tu. Wanasema wamefika pale sababu barafu imepungua. Sasa mimi nilivyokuwa najua barafu ndo inayokwangua mawe ya pwani kila mwaka kiumbe hakai, kwa hiyo ikipungua si ndo ufukwe unapata uhai? Anayejua anieleweshe.

kokoto
Mkuu umeshika nusu. Barafu inakwangua kweli, pwani nyingi za huko maji yakipwa unakuta mawe matupu, vijikonokono vimejibana kwenye nyufa ambako barafu haifiki. Na wapo wanaopata nafasi: Svalbard, visiwa vya Norway kule kaskazini kabisa, mwaka 2004 walipatikana kome wa buluu waliokuwa wametoweka kule kwa kama miaka 1,000, maji yamepata joto kidogo wakarudi.

Ila walarasi wako hawakuja pale kwa kupenda. Bahari ya Chukchi, hiyo iliyo mbele ya Point Lay, ina kina kifupi, na chakula chao ni kombe waliojifukia kwenye tope la chini. Jike anamwacha mtoto juu ya barafu, anazama, anakula, anarudi kupumzika hapohapo, na barafu yenyewe inasogea inawapeleka sehemu mpya yenye chakula. Sasa majira ya joto barafu inarudi kaskazini hadi kwenye kina kirefu ambako hawafiki chini, inabidi waje nchi kavu, chakula kiko mbali halafu wamebanana. Akitokea dubu au ndege ikapita chini chini wanashtuka wote wanakimbilia majini, na wanaokanyagwa wakafa wengi wao ni watoto. Mimi hiyo inaniuma kweli.

Bahari Kuu
Naongezea, na ufukwe wenyewe unaliwa. Barafu iliyoshikana na pwani ilikuwa inazuia mawimbi ya dhoruba za vuli, siku hizi inachelewa kuganda, mawimbi yanapiga moja kwa moja kwenye udongo ambao umeshikiliwa na barafu ya ndani, ukiyeyuka unamomonyoka vipande vipande. Hukohuko Alaska, watu wa kijiji cha Shishmaref walipiga kura 2016 kuhama kisiwa chao, na wa kijiji cha Newtok walianza kuhamia kijiji kipya cha Mertarvik 2019 (huko mto nao ulikuwa unawala). Hawa ni watu waliozika wazee wao pale jamani.

Mdadisi
Asanteni sana, hilo la kombe sikuwa nalijua kabisa. Na kusini je, kule Antaktika hali ni hiyohiyo?

Mawimbi_7
Kusini wanaoumia kwanza ni pengwini wakubwa, wale emperor, maana wanalelea vifaranga juu ya barafu iliyoshikana na pwani. Kifaranga ana manyoya laini yasiyozuia maji mpaka Desemba au Januari, barafu ikivunjika kabla ya hapo anaangukia majini na hawezi kuogelea. Mwishoni mwa 2022 kwenye bahari ya Bellingshausen, makundi manne kati ya matano yanayojulikana inaonekana yalipoteza vifaranga wote. Walijua kwa picha za setilaiti, kundi linaonekana kama doa la kahawia la kinyesi kwenye weupe, barafu ikavunjika na doa likapotea.

Halafu swali lako la kwanza kabisa la kukwangua, kusini linageuka. Barafu ya baharini ikitanda inaishikilia ile milima ya barafu inayoelea isitembee. Ikipungua milima inakuwa huru, inasukumwa na upepo inaburuza sakafu ya bahari karibu na pwani, na inachosaga ni sponji na wanyama wengine wanaokua polepole sana. Na pale isipofika, mwanga unaingia. Jua la kiangazi kule halizami, kwa hiyo barafu ikiwahi kuondoka hata siku chache tu, mwanga unaofika chini unaongezeka mno, mwani unakua unafunika miamba, na wale sponji waliozoea giza wanakosa pa kushika.

Mdadisi
Kumbe. Naenda kuiangalia ile picha upya.