Msaada wakuu: kompyuta ya viini 14 au PS5 kwa ajili ya banda la gemu?

mwana_igoma
Wakuu habari za muda huu. Mimi ni msomaji wa kimya kimya humu, ila leo nimekwama, naomba mawazo yenu. Nataka kufungua banda la gemu huku Igoma, Mwanza. Fremu nimeshapata, TV zipo, vijana wa mpira wamejaa tele. Swali langu ni moja tu: kati ya PS5 na kompyuta yenye prosesa ya viini 14 (core, sehemu zinazopiga kazi) na nyuzi 28 (thread, mikondo ya kazi), ipi inacheza gemu vizuri zaidi? Maana nasoma kwamba PS5 ina viini 8 tu. Kwa hesabu ya kawaida 14 si inaizidi 8? Usingizi sipati. Matusi sihitaji.

Mzee wa Pedi
Umenikumbusha mbali dogo. Nilikuwa na banda Magomeni enzi za PS2. Ile mashine prosesa yake haifiki hata MHz 300, RAM megabaiti 32, na watu walikuwa wanapanga foleni hadi nje. Ilipokuja PS3 nikajifanya mjanja, nikainunua mapema. Prosesa yake inaitwa Cell: kiini kimoja kikubwa, na vidogo saba vinavyofanya kazi pembeni. Kwenye makaratasi ni moto wa kuotea mbali. Kumbe kila kile kidogo kina kumbukumbu yake ya kilobaiti 256 tu, na mtengeneza gemu lazima akae agawe kazi mwenyewe, aipeleke na kuirudisha. Wengi hawakuwa na muda huo. Gemu ile ile inatoka laini kwenye Xbox 360, kwangu inakwama kwama, wateja wananiuliza kama CD ni feki. Halafu wakaanza kuniibia pedi za kuchezea. Zifunge na mnyororo, utakuja kunishukuru.

Mama Sabuni
Mwanangu, wateja wa hayo mabanda ni watoto wa shule. Wanatoka nyumbani na sare, hawafiki darasani. Bandika mlangoni kwamba mwenye sare haingii, kisha ndiyo uje kuuliza habari za viini.

Fundi Saketi
"Viini 14" siyo jina la prosesa mkuu. Taja jina kamili.

mwana_igoma
Jina litasaidia nini kaka? Nimeuliza PS5 au PC. Ni Intel.

Fundi Saketi
Hata kompyuta ya ofisi ya kata ni Intel. Jina.

mwana_igoma
Haya, Xeon E5-2680 v4. Jamaa wa Kariakoo anasema ilikuwa kwenye seva, inapiga kazi usiku na mchana haichoki.

Fundi Saketi
Ahsante. Sasa tunaongea.

Hiyo prosesa ni ya 2016. Siyo mbaya hata kidogo, ila ilitengenezwa kwa kazi ambazo unaweza kuzikata vipande vingi vikaenda sambamba: seva, kurenda video (kuitoa ikiwa kamili baada ya kuihariri), hesabu kubwa. Gemu haiko hivyo. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 16.7 tu kuandaliwa. Ndani ya muda huo prosesa isome pedi, ipige hesabu za mpira umegonga wapi, wachezaji 22 waamue waende wapi, halafu iipe kadi ya grafiki maagizo ya kuchora. Mengi ya hayo yanasubiriana. Huwezi kuamua kipa arukie wapi kabla hujajua mpira umepigwa vipi. Kwa hiyo kuna uzi mmoja mkuu ambao ukichelewa, wengine wote wanachelewa nao. Ni sawa na timu iliyosajili wachezaji 28 halafu mpira anao mmoja tu.

Kinachotafutwa ni kazi ngapi kiini kimoja kinamaliza kwa kila pigo la saa, na mapigo hayo ni mangapi. Hiyo Xeon ikiwa na kazi ndogo inapanda hadi GHz 3.3, yaani mapigo bilioni 3.3 kwa sekunde. Ukiwasha viini vyote inashuka, inacheza kwenye 2.9. Viini vya PS5 ni vya muundo wa Zen 2 wa AMD, washindani wa Intel, vinafika GHz 3.5, na ni vya kizazi kipya zaidi.

Angalia PS4 ya 2013. Nayo ina viini 8, lakini ni vya muundo wa Jaguar, nao wa AMD, vya GHz 1.6, ukoo ule ule wa laptopu za bei chee. Ndiyo maana gemu nyingi kubwa kwenye PS4 ziliishia picha 30. Idadi ni ile ile 8, mashine ni mbili tofauti kabisa.

Chuma Kizito
Fundi umesahau kashe. Kwa wasiojua, kashe ni kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Kitu kikiwa humo kinapatikana haraka; kisipokuwemo prosesa inakifuata kwenye RAM, na huko kiini kinakaa kinasubiri. Gemu hurukaruka ovyo kwenye kumbukumbu kuliko programu nyingi, kwa hiyo kashe kubwa ni dawa. AMD walitoa prosesa ya Ryzen 7 5800X3D mwezi Aprili 2022. Mapigo yake ni machache kuliko 5800X ya kawaida, lakini walibandika kashe juu yake ikafika megabaiti 96 badala ya 32, na kwenye gemu nyingi ikamwacha ndugu yake mbali. Ninayo nyumbani, sibadilishi na mtu.

Na hapo hapo kuna mtego wa madukani. Ryzen 5 5600 na Ryzen 5 5600G zinafanana majina, zote viini 6. Ya kwanza ina kashe ya megabaiti 32, ya pili 16. Muuzaji atakwambia hiyo G ni herufi tu.

Fundi Saketi
Kweli kabisa. Na hapo ndipo PS5 ilipobana matumizi: kashe yake kubwa ni megabaiti 8 tu kwa viini vyote. Inaokolewa na mambo mengine. Prosesa na grafiki zinatumia gigabaiti 16 zile zile, kwa hiyo hakuna kuhamisha data kutoka RAM moja kwenda nyingine, na mtengenezaji wa gemu anajua mashine yote ya aina hiyo iko hivyo hivyo. Anaipima mpaka anajua itachelewa wapi. Kwenye PC hajui wewe umefunga nini.

Dada Tausi
Mbona hakuna aliyeuliza leseni ya biashara? Na umeme ukikatika mechi ikiwa dakika ya 88, nani anarudisha mia tano ya mteja? Mdogo wangu alifunga banda kwa ugomvi huo tu.

Fundi Saketi
Mtoa mada, umesema "TV zipo". Zipo ngapi? Kwa sababu PS5 moja ni TV moja.

mwana_igoma
Nne.

Fundi Saketi
Na kompyuta ngapi?

mwana_igoma
Moja. Ndiyo maana nimeipenda hiyo. Jamaa anasema inagawanywa kwa programu inakuwa kama kompyuta nne, kila moja na TV yake. 28 gawa kwa 4 ni 7. Kila TV nyuzi 7. PS5 nne nitazipata wapi mimi na bajeti ya milioni mbili na nusu?

Chuma Kizito
😂😂😂 Haya ndiyo mambo ulitakiwa uanze nayo.

Fundi Saketi
Msimcheke, kitu hicho kipo, watu wanakifanya. Lakini sikiliza. Nyuzi 7 siyo viini 7. Kila kiini kina nyuzi mbili zinazogombania vifaa vile vile, kwa hiyo kila TV inapata viini vitatu na nusu, GHz 2.9, na kashe ya megabaiti 35 mnagawana wanne. Jirani akifungua gemu nzito, TV ya pili nayo inatetemeka. Bado kila TV inahitaji kadi yake ya grafiki, kwa hiyo ni kadi nne, mazabodi yenye nafasi nne na pawasaplai ya kuzibeba. Na gemu nyingi za mtandaoni zina programu za kuzuia udanganyifu, zikigundua ziko ndani ya mashine bandia, yaani kompyuta iliyogawanywa kwa programu, hazifunguki. Hizo kadi umepewa bei?

mwana_igoma
Kadi alisema tutaongea baadaye. Ila wakuu mnaangalia kasoro tu. Mashine ya seva ni imara, PS5 ikifa Mwanza nani anatengeneza? Na hii nikichoka na gemu naweza kufungua steshenari.

Mzee wa Pedi
Dogo, umeshalipa?

Mzee wa Pedi
Naona umesoma, hujajibu.

mwana_igoma
Nimetoa kianzio. Nusu. Siyo hela ya mchezo, ni ya dada yangu, amechukua mkopo wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa. Ndiyo maana nauliza, ila siyo kwamba nimekosea, nataka tu kuthibitisha.

Fundi Saketi
Nusu iliyobaki izuie. Banda lako ni la mpira, na mpira hauihitaji hiyo nguvu yote. PS4 ya mtumba yenye Jaguar yake dhaifu inatoa picha 60 kwenye gemu ya mpira bila shida, kwa sababu uwanja ni mmoja na wachezaji 22. Inayoiua Jaguar ni miji mikubwa yenye magari na watu mamia. TV zako nne bila shaka ni za Hz 60, yaani picha 60 kwa sekunde, hata ukileta prosesa ya NASA hazitaonyesha zaidi ya hapo. PS4 za mtumba tatu, anza.

mkali_wa_chai
Subirini kwanza. Kuna picha ya mashine kaiweka kwenye wasifu wake. Ikuzeni. Dirisha la Windows limeandika GHz 2.20, viini 12, nyuzi 24. 2680 v4 ni 2.40, viini 14. Hiyo pichani inafanana na 2650 v4. Mtu anayekosa usingizi kwa mashine yake hajui ina viini vingapi? Hii ni chai wakuu, stori ya kutunga, leteni vitafunwa.

Chuma Kizito
Duh. Nami nimeiona. Na tangu mwanzo ana jibu la kila kitu: imara, ya seva, steshenari. Hayo ni maneno ya muuzaji.

Dada Tausi
Au kijana kauziwa mbuzi kwenye gunia na ninyi mnamcheka. Dada yake na VICOBA mmevisahau?

mkali_wa_chai
Dada ndiye sukari ya hiyo chai.

mwana_igoma
Picha nilitumiwa WhatsApp na jamaa, sikuangalia namba. Mniamini msiniamini ni juu yenu.

Fundi Saketi
Kama ni kweli, mwambie akutumie video: awashe mashine, aonyeshe dirisha hilo, kisha afungue kifuniko. Akikataa, dai kianzio chako leo hii. Kama ni chai, basi nimeandika kwa faida ya wasomaji wengine.

Mama Sabuni
Na wenye sare je? Hujajibu.

renda_boi
Samahani nimechelewa. Mimi narenda video za harusi, viini vingi ndiyo ugonjwa wangu, iwe 12 au 14 sawa tu. Hiyo mashine inauzwa bei gani?

mwana_igoma
Nipe dakika mbili, nakuja PM.

mkali_wa_chai
Wasimamizi, hamisheni uzi kwenye jukwaa la matangazo madogo madogo.