Tahasusi 65, lakini binti yangu mwenye uoni hafifu kasukumiwa HGL bila kuulizwa!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitazificha.

Binti yangu ana uoni hafifu. Ubaoni haoni hata akikaa dawati la mbele, ila kitabu anakisoma akikisogeza karibu na uso, au tukimdurufia kurasa kwa herufi kubwa kwenye A3. Kidato cha nne katoka na B ya Baiolojia, B ya Jiografia na C ya Kemia. Kwenye Selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi (kombi ya masomo ya kidato cha tano na sita), akajaza CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Majina ya kidato cha tano yametoka, kapangiwa HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza! Historia yenyewe hajawahi kuipenda.

Nikafunga safari kwenda kuuliza. Aliyenipokea hakuwa na ubaya, alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, mtoto wako anahitaji shule yenye kitengo cha elimu maalumu, na zenye kitengo tulizonazo zinafundisha masomo ya sanaa." Nikauliza, kuna mtu aliyemuuliza mtoto? Hakuna. Yaani ule ulemavu tulioutaja kwenye fomu ili asaidiwe, ndio uliomtoa kwenye sayansi. Jirani zangu wasiojaza chochote watoto wao wamepata kombi walizochagua, wengine kwa ufaulu wa chini kuliko wa kwangu.

Mwaka 2024 tulitangaziwa kwamba tahasusi zimetoka 16 hadi 65. Michezo, muziki, Kichina, elimu ya dini, biashara, vyote vimo. Nilifurahi sana siku ile. Sasa naomba mtu aniambie: kati ya hizo 65, asiyeona anaweza kuchagua ngapi? Kiziwi je? Mimi ninachokiona ni HGL, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), zilezile walizosoma wasioona wa miaka ya nyuma. Anayeamua kombi ya mtoto si ufaulu wake, ni kabati la shule lenye mashine ya nukta nundu.

Na msiniambie habari za maabara, nimezisikia mpaka nimechoka. Huyu mtoto kafanya vitendo vya Kemia miaka yote O-level. Mwalimu wake aliibana simu kwenye stendi ya maabara, akakuza picha ya bureti, na binti akasoma ujazo kwenye kioo cha simu mwenyewe. Rangi ikibadilika anaiona vizuri kwa sababu chini ya chupa kuna kigae cheupe, ambacho hata wenzake wanakitumia. Hakukuwa na mradi wala mfadhili. Ni mwalimu mmoja tu aliyekataa kumwambia kaa pembeni.

Baraza la Mitihani lenyewe lina utaratibu: watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, na wenye uoni hafifu huandaliwa maandishi yaliyokuzwa. Sasa muda wa ziada wa Hisabati una faida gani kwa mtoto ambaye hatapangiwa kombi yenye Hisabati?

Kinachoniuma zaidi ni mzunguko wenyewe. Wasioona wanapelekwa sanaa, wanamaliza chuo, wanarudi kufundisha kwenye vitengo, wakiwa walimu wa Historia na Kiswahili. Halafu tunaambiwa sayansi haiwezekani kwa kuwa kitengo hakina mwalimu wa sayansi. Atatoka wapi? Na hasara haiishii kidato cha sita. Ule ufadhili wa Samia wa masomo ya chuo ulioanza 2022 ni kwa waliofanya vizuri sayansi. Binti yangu amefungiwa mlango huo kabla hajafanya mtihani hata mmoja wa A-level.

Kwa viziwi hali naona ni mbaya zaidi. Kuna kijana mtaani kwetu, Fizikia ndiyo furaha yake, anatengeneza redio za watu. Darasani mwalimu anaongea huku ameupa ubao uso, mkalimani wa lugha ya alama hayupo, kijana ananakili asichoelewa. Alipomaliza wakamshauri akajifunze ushonaji. Ushonaji ni kazi ya heshima, ila si yeye aliyeuchagua.

Nchi hii imeridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009, na mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sidai kipya. Nataka fomu iulize mtoto anahitaji nini ili asome kombi aliyoichagua, kisha vifaa na mwalimu vimfuate huko. Wangu anahitaji lenzi, karatasi za A3 na ruhusa ya kutumia kamera maabara. Basi.

Muda wa kuripoti unakaribia na HGL simpeleki. Mzazi yeyote hapa aliyewahi kubadilishiwa tahasusi mtoto mwenye ulemavu, tafadhali niambie ulianzia ofisi ipi na ulibeba nyaraka gani. Walimu wa elimu maalumu mliomo humu, nanyi semeni: shule gani yenye CBG inaweza kumpokea?