Mrejesho: maana ya "outstanding" katika barua ya mkopo

Wakuu, nawashukuru kwa majibu yenu kuhusu neno "outstanding", ambalo barua ya mkopo wa kikundi chetu cha wakulima wa viazi hapa Uyole ililiweka mbele ya salio, ilhali binti yangu aliandikiwa neno hilohilo kwenye ripoti ya shule akisifiwa. Afisa mikopo pale Mwanjelwa amethibitisha mlivyosema: likitangulia salio, ankara au hundi, linamaanisha kilichobaki bila kulipwa, likimhusu mtu, linamaanisha bora kupita kawaida. Ushauri wa kulisoma pamoja na nomino inayolifuata umenifaa sana, ingawa "outstanding work" bado ni mtego, kwani yaweza kuwa kazi bora au kazi isiyomalizika. Deni lenyewe tutalimaliza viazi vikishauzwa.