Adhana imelia jua bado liko juu

*Kikundi: Nyumbani Ngamiani, Tanga*

Mama: Asalaam alaykum wanangu. Lile bando la mwezi mliloninunulia limekwisha leo, siku ya 11. Na kishikwambi kimeadhini magharibi saa kumi na moja na robo, jua bado liko juu ya mnazi wa jirani. Nimeshatawadha, nikatoka uani kutazama, nikarudi ndani.

Zuhura: Waalaykum salaam, shikamoo mama. Jamani, GB 40 kwa siku 11?

Mama: Marahaba. Na mshale wa kibla unaelekea dirishani, upande wa magharibi. Miaka yote hapa tunaelekea kaskazini.

Idi: Shikamoo mama. Tuanze na bando. Juma, ifungue ile rauta aliyotuletea Shangazi. Chini ya betri kuna kibandiko chenye anwani ya ukurasa wa mipangilio na neno la siri la kuingilia. Irudishe betri, uingie kwa simu yako.

Juma: Nimeingia kaka, ni 192.168.8.1. Vilivyounganishwa viko 8. Simu yangu, simu ya mama, kishikwambi, Redmi mbili, TECNO moja, kimoja kimeandikwa DESKTOP, kingine hakina jina kabisa.

Mama: TECNO ni ya binti wa Mama Salma. Nilimpa mwenyewe, ana mtihani wa kidato cha nne mwezi wa 11. Huyo msimguse.

Idi: Hatumgusi mama.

Juma: DESKTOP ni kompyuta ya binamu Hamadi, yuko kwetu tangu Ijumaa. Usiku anaiacha inawaka.

Idi: Basi hiyo inajisasisha usiku kucha, nadhani ndiyo iliyolamba bando. Mwambie kwenye mipangilio ya Windows auwekee mtandao wetu alama kwamba unalipiwa kwa kipimo. Masasisho mengi yatasubiri.

Zuhura: Na hizo Redmi?

Juma: Naona ni vijana wanaokaa barazani usiku. Niwazuie?

Idi: Ukizuia simu mojamoja utachoka. Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 zinaweza kujitambulisha kwa rauta kwa namba ya kubuni badala ya ile ya kiwandani. Mtu akiibadilisha, rauta inamwona mgeni mpya. Wewe badilisha neno la siri, lisipungue herufi 12, wote watoke. Kisha ingiza tena wale mama anaowataka, na kikomo kiwe vifaa 5. Tena msimlaumu binti wa watu. Simu ikishaunganishwa inaweza kuonyesha msimbo wa QR, mwenzake akauskani akaingia bila kuambiwa neno.

Zuhura: Nitanunua jipya mkishamaliza.

Shangazi (Muscat): Asalaam alaykum. Mie hiyo saa ya adhana imenishtua. Hapa leo magharibi ni saa kumi na mbili na robo, na tuko mbele yenu kwa saa moja. Ndiyo hiyohiyo! Na kibla chetu sisi ni magharibi.

Idi: Shangazi, umelifumbua. Rauta hiyo ulikaa nayo Muscat miaka mitatu. Simu zenye GPS zikipita karibu na waifai, Google huweka kumbukumbu iko wapi. Kishikwambi cha mama hakina GPS, kinajua kilipo kwa kutazama waifai iliyo jirani. Kimeiona rauta yako, kikaamini kiko Muscat.

Mama: Sasa nizime ile ya kutambua mahali?

Idi: Hapana mama, kinaweza kubaki na Muscat kama mahali pa mwisho. Juma aingie kwenye programu ya sala, achague Tanga kwa mkono, itengemae leo hii. Na kwenye jina la waifai aongeze _nomap mwishoni. Hiyo ni ishara kwa Google isiitumie rauta kukisia mahali. Itachukua muda kidogo.

Juma: Tayari. Jina ni Ngamiani_nomap. Magharibi sasa inasoma saa 12 na dakika 24. Mshale umegeuka kaskazini.

Mama: Alhamdulillah. Msikiti umeadhini na kishikwambi nacho kimefuata hapohapo. Nasali. Juma, binti wa Mama Salma yuko mlangoni na simu yake, muingizie.